Bangili ya Gongo la Babu

Kila jioni Babu alichukua magongo yake ya alumini na kumwita mjukuu wake: "Mke wangu, vaa viatu, tukaione bahari kabla hawajaifunga!" Walipita barabara ya bandarini, upepo wa chumvi ukiwapiga usoni na moshi wa kiwanda ukiwashukia kichwani. Babu alikuwa mpakuzi wa meli enzi zake, na siku asipoiona bahari usingizi ulimpaa.

Wakirudi, kazi ya msichana ilikuwa moja tu: kuyasuuza magongo kwa maji ya bomba na kuyakausha, hasa pale skrubu ya chuma ilipoingia. Mama alimkumbusha mpaka akachoka. Lakini msichana alikuwa mjuaji. "Alumini haishiki kutu," alijiambia, akaenda zake kuruka kamba.

Siku moja aliona unga mweupe umeota kuzunguka skrubu, na bomba la gongo limechimbika vishimo. Mama angegomba! Akakata kitambaa chekundu, akakizungusha papo hapo, akakaza fundo.

"Makubwa! Nimevalishwa bangili!" Babu alicheka, akawaonyesha majirani wote. Msichana naye alicheka, kisha akakimbilia kamba yake.

Gongo lilikatika Babu akishuka ngazi za mlangoni. Alivunjika nyonga. Daktari alisema atapona, lakini matembezi marefu, basi tena.

Mama na msichana walilipeleka gongo kwa fundi aliyelitengeneza. Fundi alifungua kitambaa, kikiwa bado kibichi, unga ukamwagika. "Alumini nayo huliwa," alisema. "Ina ngozi nyembamba inayoilinda. Chumvi na moshi huitoboa, na penye unyevu ikigusana na chuma, huliwa upesi zaidi. Kitambaa hiki kimeifuga chumvi ndani. Nani alikifunga?"

"Labda mzee mwenyewe," Mama alijibu.

"Ni mimi, Mama," msichana alisema. "Niliona unga, nikauficha." Akalia kwa kwikwi.

Mama hakumgombeza. Alimshika mkono hadi hospitalini, akaseme mwenyewe.

Babu alimsikiliza akitazama dari. Machozi yalimtiririka, na msichana hakuwahi kuyaona kabla ya siku hiyo. "Mke wangu, uvivu wa kuosha ningeusamehe siku ile ile. Lakini ulificha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiona kitu kimeharibika, sema, hata kama mkosaji ni wewe. Haya, futa machozi, usije ukaniliza tena."

Fundi alitengeneza gongo jingine. Siku hizi Babu yuko nyumbani, hutembea kutoka kitandani hadi dirishani, na bahari haionekani pale. Kila jioni mjukuu huyasuuza magongo na kuyakausha.

"Unayaosha ya nini, nayo hayajatoka chumbani?" Babu alimuuliza jana.

"Upepo wa chumvi unaingia dirishani, Babu."

Babu aligeuza uso, akavuta pumzi ndefu. "Kweli," alisema. "Harufu yake naisikia."