Bodi Yenye Taa za Rangi

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nasema mapema kabla dada yangu Nyaguthii hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi.

Kila jioni nikitoka shule hulisha kuku wetu pale Kibomet, kisha hupangusa vumbi kwenye seva ya Mama. Seva ni kompyuta inayokaa imewashwa kutwa kucha, ikitunza kazi za watu ili wazifungue kutoka popote. Mama hufundisha Sirisia, kule Bungoma, na hurudi wikendi. Video za wanafunzi wake kuhusu viwavi wa mahindi, kazi ya mihula miwili, zilikuwa humo.

Bodi kuu ya mashine hiyo, ile inayounganisha sehemu zake zote, ilipoungua, Mama alinipigia simu.

"Muigai, nenda kwa Bwana Gurmeet mjini. Mwambie nataka bodi ya seva, ile ninayoweza kuisimamia nikiwa mbali hata mashine ikikwama. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Sikuelewa hata chembe.

Bwana Gurmeet aliweka bodi mbili kwenye kaunta. Moja ilikuwa ya kijani, haina urembo wowote. Nyingine ilikuwa nyeusi, na alipoiwasha ikamwaga taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Binti yake Avneet, tunayesoma naye darasa moja, alikuwa akinitazama.

"Mama anataka ya usimamizi wa mbali ama ya kawaida?" aliuliza Bwana Gurmeet. "Unajua tofauti?"

"Kweli unajua?" Avneet alidakia.

"Si mimi ndiye fundi wa nyumba, bana!" nilijibu, nikaikumbatia ile nyeusi. Jioni nikamwambia Mama nimepata ileile aliyoitaka. Fundi wa dukani alikuja akaifunga, mashine ikawaka, nami nikatembea kifua mbele.

Alhamisi stima ilipotea Kibomet, kisha ikarudi. Saa hiyo wanafunzi wa Mama walikuwa wamesimama mbele ya waamuzi wa mashindano ya shule, wakisubiri kuonyesha video zao, nyuma yao ukuta mweupe usio na picha hata moja. Mama alijaribu kuifikia seva kwa simu yake, ikawa kimya. Akampigia mwalimu wangu wa darasa, Mwalimu Gathii, naye akanituma nyumbani mbio.

Skrini iliandika: kibodi haionekani, bonyeza kitufe uendelee. Yaani mashine ilitaka nibonyeze kitu ambacho yenyewe imesema hakipo! Nilichomeka kibodi ya Nyaguthii, nikabonyeza mara moja, ikaamka. Wanafunzi wa Mama walionyesha kazi yao mwisho kabisa, waamuzi wakiwa wameshaanza kukusanya karatasi.

Jumamosi Mama alirudi. Ningeweza kusingizia stima. Lakini aliponiambia jinsi msichana mmoja alivyolia pale mbele, nilishindwa.

"Mama, sikuelewa uliyoniagiza. Nikakudanganya."

Hakunigombeza. Tulirudi dukani na bodi ndani ya boksi lake. Bwana Gurmeet alikubali kutubadilishia, akanionyesha tundu la ziada la waya wa mtandao kwenye ile ya kijani.

"Hapa kuna kompyuta ndogo ndani ya kompyuta," alisema. "Kubwa ikikwama, hii ndogo iko macho."

Fundi alipomaliza kuifunga, Mama alichomoa waya wa stima, akaurudisha, kisha akatoka hadi kwenye banda la kuku na simu yake. Kwenye simu ile niliona skrini ya seva yote, na Mama akaiwasha upya bila kuigusa.

"Ati haina taa hata moja," Nyaguthii alinichokoza. "Pole, fundi wa nyumba."

Nikapandwa na hasira. "Lakini Mama, haya yote ya nini? Si ilikuwa kubonyeza tu? Sekunde moja!"

Mama alitia simu mfukoni.

"Na kusema 'sijui' kungekuchukua sekunde ngapi?"