Majibu ya Maini

Walikutana sokoni Rumonge, katikati ya harufu ya dagaa waitwao ndagala na mawese. Latifa alikuwa na kuku wawili mkononi, kitenge chake cha manjano kimelowa jasho. Fahadi, mganga wa mifugo mwenye buti za mpira na maneno mengi, alikuja kununua kuku, akaondoka na namba ya simu. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa akimwita sheri, yaani mpenzi, na ndiye aliyemchagulia vifaranga mia mbili.

Wiki ya nne kuku wakaanza kufa. Jioni walikula vizuri, asubuhi walikuwa chali. Latifa alizoa mizoga siku tano, mgongo ukimuuma, na siku ya sita akapata wa kumlaumu.

"Ni mabuti yako! Unatoka kwa kuku ya watu kule Magara, unaingia kwangu bila kunawa!"

"Sheri, nilinawa."

"Usiniite sheri. Vua, utoke!"

Alitoka pekupeku, amebeba maini sita ya mizoga ndani ya barafu akayapimishe, yamevimba na kupauka. Latifa alizichoma buti hizo pamoja na mizoga, majirani wakitazama. Soko zima likajua kwamba Fahadi anaua kuku, na hakuna aliyemwita tena bandani kwake.

Zilipita wiki tatu. Simu ikalia, Fahadi akipiga kutoka Bujumbura.

"Amahoro, Latifa. Majibu imetoka kwenye laboratwari. Iko adenovirusi."

"Ndiyo nini?"

"Kirusi, kinapiga ini. Wamekisoma vinasaba, wakalinganisha na kile cha vifaranga vilivyobaki kule vilikoanguliwa. Ni kimoja. Mama kuku anamupa mutoto ndani ya yai."

Latifa alikaa chini kwenye banda tupu.

"Kumbe haikukuwa mabuti."

"Hapana. Lakini vifaranga, ni miye nilikuchagulia. Siwezi kukuficha."

Hilo Latifa hakuwa amelifikiria. Fahadi angeweza kunyamaza tu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na alimpenda kuliko mwanzo.

"Rudi, Fahadi. Nimechoka na kuku, nimechoka na hii nyumba bila sauti yako. Ulete wazee wako kwa baba."

"Na watu wa soko?"

"Hao niachie."

Siku ya soko Latifa alipanda juu ya benchi la wauza ndagala, macho mekundu, sauti imekauka.

"Fahadi hakuua kuku yangu! Ni mudomo wangu ulitaka kumuua yeye. Munisamehe!"

Fahadi akapenya katikati ya watu, akamshika mkono.

"Basi, shuka, bibi yangu," alisema polepole. "Umesimama kwenye benchi ya watu."