Nyumba ya Ghorofa Chini ya Lukenya

Kila jioni baada ya shule, Emily alipitia dukani kwa baba yake mjini Machakos, akapanguza vumbi kwenye magodoro, kisha akampelekea nyanya yake uji katika vyumba vya kukodi nyuma ya duka. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Nyanya huyo, ambaye wote walimwita Susu, ndiye aliyemlea.

Mwaka wa 1996 baba yake, Bwana Kitheka, alinunua kiwanja chini ya vilima vya Lukenya akaanza kutafuta wa kumchorea nyumba. Wa kwanza kuja dukani alikuwa Mbula, msanifu wa majengo, ambaye binti yake Ndinda alisoma darasa moja na Emily. Mbula hakuleta picha. Alitoka moja kwa moja kiwanjani, viatu vikiwa na udongo. Aliuliza ni nani wangeishi humo, Susu anatembea vipi, na maji ya mvua hupitia wapi. Halafu akaeleza kwamba udongo wa pale ni ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka wakati wa kiangazi. Ungelazimika kuchimbwa na kuondolewa kabla ya msingi kuwekwa, na nyumba isiwe ya ghorofa.

Bwana Kitheka aliwatazama wateja waliojaa dukani.

"Mama Ndinda," akasema, "niliingia mji huu bila viatu, na leo niko na duka. Unataka nijenge banda nichekwe? Nenda ukawachoree wafugaji wa kuku."

Wateja walicheka. Emily alicheka kuwashinda wote. Mbula alichukua mkoba wake akaondoka.

Baadaye akaja Justus, kijana aliyevaa tai ambaye watu walimwita Injinia. Alikunjua mchoro wa rangi: ghorofa, nguzo nyeupe, na roshani inayotazama vilima. Hakuuliza lolote kuhusu kiwanja. Alimuuliza Emily anataka chumba kipi, naye Emily akaweka kidole kwenye chumba chenye roshani. Siku hiyo hiyo baba yake akampa Justus kazi.

Shuleni, Emily alimbandika Ndinda jina: Binti wa Banda la Kuku. Wenzake wakalidaka. Ndinda alivumilia. Siku moja wakiwa bombani, alimwambia Emily kwamba Justus hakuwa msanifu wala hakusajiliwa popote, na kwamba nyumba aliyochora kule Athi River ilipasuka hadi wenyewe wakaihama.

"Usiponiamini, baba yako aende awaulize," Ndinda alisema.

Emily aliamini. Ndinda hakuwa mtu wa uongo. Lakini alifikiria chumba chake, akanyamaza. Badala ya kumwambia baba yake, aliwaambia wasichana wengine kwamba Ndinda anamwonea yeye wivu kwa ajili ya nyumba. Wakaacha kuketi naye, na tangu hapo Ndinda akala chakula cha mchana peke yake.

Walihamia nyumba mpya mwaka uliofuata. Susu hakuweza kupanda ngazi, kwa hiyo alipewa chumba cha chini, chini ya roshani ya Emily. Kisha zikaja mvua za El Nino. Udongo ulivimba. Milango ikakataa kufungika, na kuta zikafanya nyufa za kuingiza kidole. Bwana Kitheka alikwenda kumtafuta Justus akakuta ofisi yake imegeuzwa kuwa duka la kinyozi.

Asubuhi moja Susu alikuwa ameketi nje kando ya ukuta akiambua mbaazi. Roshani ilianguka pamoja na kipande cha ukuta, ikamfunika miguu. Majirani walimfukua kwa mikono. Hospitalini madaktari walimkata mguu mmoja.

Kando ya kitanda, Bwana Kitheka alilalamika kwamba hakuna mtu aliyemwonya kuhusu Justus.

"Mimi nilionywa," Emily alisema. Akaeleza yote, mpaka jinsi alivyonyamaza kwa sababu ya chumba.

Baba yake hakumpiga. Alimtazama kama mtoto wa jirani. Susu aligeuza uso ukutani, na Emily alipomwita hakuitika.

Baada ya siku chache baba na binti walisimama mlangoni kwa Mbula. Bwana Kitheka aliomba radhi kwa maneno yake ya dukani. Mbula hakuwakaribisha kuketi mpaka Emily alipomwomba Ndinda msamaha.

"Nimekusikia," Ndinda alijibu, akarudi kwenye kitabu chake.

Kesho yake Emily alisimama mbele ya darasa akasema ukweli. Wengine walimzomea. Mchana alikwenda kuketi karibu na Ndinda, na Ndinda akachukua sahani yake akahama.

Bwana Kitheka alimpa Mbula kazi ya kujenga upya, naye akaisimamia kuanzia mwanzo. Ghorofa ilibomolewa, udongo mweusi ukatolewa, na nyumba ya chini ikajengwa, yenye milango mipana isiyo na ngazi. Mvua nyingine zilinyesha, na hakuna ukuta uliopasuka.

Siku ya kuhamia, Mbula aliwaita baba na binti.

"Msanifu wa kumwamini ni yule anayekanyaga udongo wako, akauliza ni nani watalala ndani, na akakuambia hata usilotaka kusikia," alisema. "Hakikisha amesajiliwa. Tembelea waliojengewa naye. Na wewe Emily, ukijua jambo litakalomuumiza mtu, ukanyamaza kwa kutamani kitu, wewe pia umemuumiza."

Emily aliinamisha kichwa. Susu alikuwa mlangoni katika kiti chake cha magurudumu, na alikuwa amesikia.

"Ni kweli," Susu alisema. "Njoo unisogeze juani."

Tangu siku ile ya hospitalini hakuwa amemwomba Emily kitu chochote. Emily alishika kiti kwa mikono miwili, akamsukuma taratibu hadi nje.