Mnunuzi wa Ukutani

Vibeke Thorsager alikuwa na hakika kwamba dalali anamwibia. Kila alipopandisha dau, Mogens Riis alinyoosha kidole kuelekea ukuta wa nyuma wa ukumbi wa mnada na kusema, "Kule nyuma wameongeza," na kila Vibeke alipogeuka hakuona mtu. Ulikuwa ukuta mtupu, unaonuka chokaa mbichi, ingawa hakuna fundi aliyeugusa kwa miaka.

"Mwizi mkubwa wee," alinong'ona, akainua tena kibao chake cha namba.

Alikuwa daktari wa meno mstaafu, na pensheni yake iliishia kwenye picha za wachoraji vijana ambao bado hakuna anayewajua. Siku hiyo alitaka picha iliyochorwa na binti mmoja wa mji wa Aarhus, bahari ya kijivu na buti moja jekundu. Aliipata, kwa bei iliyomuuma. Nyundo ya Mogens ilipogonga meza, ukuta nao ukagonga: ko. Vibeke akajiambia ni mwangwi.

"Umenunua picha au umenunua pango?" Asger, mumewe, aliuliza kesho yake, akinusanusa sebuleni. Harufu ya chokaa ilikuwa imehamia nyumbani kwao pamoja na picha. Wadenmark hawana moyo wa kulitamka neno jini. Watakwambia ni unyevu, na watafungua dirisha. Asger alifungua dirisha.

Wakiwa kwenye kahawa, Vibeke akauliza, "Haya, nani anataka andazi la mwisho?"

Ko, ukuta ukajibu nyuma ya picha.

Walitazamana. Asger, kwa ubishi wake, akalichukua andazi akaliuma. Likasagika mdomoni, akatema chokaa tupu.

"Ni mabomba hayo," alisema, akifuta ulimi.

"Mabomba gani yanayokula maandazi?"

Ankara ya picha ilipofika, Asger aliisoma, akashika kichwa, akarudia mzaha aliokuwa akiufanya miaka yote ya ndoa yao. "Jamani, nauza mke! Nani anamtaka? Bei ya kutupa!"

Ko.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Vibeke alicheka kwa mazoea, kisha akaacha, kwa sababu ncha za vidole vyake zilikuwa zimeingia baridi. Asubuhi zilikuwa nyeupe, na alipojikuna shavu, kucha ziliacha mistari ya chokaa.

Alimfuata Mogens ukumbini, akamwekea ile mikono mbele ya macho. Dalali akaenda kufunga mlango kwanza.

"Sema polepole," alinong'ona. "Anasikia."

"Nani anasikia? Ulikuwa ukinidanganya, Mogens. Hapakuwa na mtu pale!"

"Hapakuwa na mtu, ndiyo. Ni mtindo wetu. Mwenye picha ana bei yake ya siri, ambayo chini yake hauzi. Nikikosa mtu wa kushindana nawe kabla hatujafika hapo, naunyooshea ukuta kidole, najifanya kuna mtu. Nimemwita miaka mingi mno, Vibeke. Mwaka huu ameitika."

"Na atanifanya kama alivyolifanya lile andazi?"

Mogens aliinamisha kichwa. "Bei ya siri ikishapitwa, haruhusiwi kuongeza. Ndivyo nilivyomzoesha. Mumeo ndiye aliyekutangaza, kwa hiyo ni lazima mnada ufanyike mpaka mwisho. Utajinunua mwenyewe."

"Na bei ya siri ni ipi?"

"Ile iliyomo moyoni mwa Asger. Haandiki, hasemi. Wa ukutani anaijua."

Jioni ile Vibeke alirudi nyumbani na Mogens, na Asger alisikiliza yote, akapiga ngumi meza, machozi yakimlengalenga. "Mke wangu hana bei! Mnanisikia? Hana bei!"

"Basi tumekwisha," Mogens alisema kwa sauti ndogo. "Kama kweli hana bei, yule hatanyamaza kamwe."

Vibeke aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani, maana weupe ulikuwa umefika viwikoni, na mapenzi ya mumewe ndiyo yangemwua. Akajumlisha kichwani kila alichonacho: picha zote, akiba, hata nyumba yao ya kiangazi. Mogens akasimama mbele ya lile buti jekundu na nyundo mkononi.

"Tunaanza. Nani anasema krona mia?"

"Mia," Vibeke alisema.

Ko.

"Mia tatu."

Ko. Harufu ya chokaa ikawabana koo.

"Mia tano," alisema, na ukuta ukagonga kabla hajafunga mdomo, safari hii karibu zaidi, kama mtu aliyepiga hatua kuingia chumbani, na rangi ya picha ikaanza kupauka, na taa ikapungua nguvu, na Vibeke akahisi weupe unapanda mabegani kuelekea shingoni, ulimi wake unakuwa mzito, akijua kwamba bado malaki yako mbele na kwamba huenda asiwe na mdomo wa kuyataja, akakusanya pumzi aliyobakiwa nayo akasema, "Mia nane."

Kimya.

Mogens alingoja, jasho likimtiririka. Asger alingoja. Ukuta haukugonga.

"Mia nane, mara ya kwanza," dalali alisema. "Mara ya pili." Akautazama ukuta muda mrefu, hata akaunyooshea kidole. "Mara ya tatu."

Nyundo ikagonga meza, peke yake. Harufu ikakatika. Damu ikarudi vidoleni mwa Vibeke ikichomachoma, na kucha zikawa na rangi yake.

"Amekwenda!" Asger alilia, akicheka papo hapo. "Mke wangu, amekwenda! Umepona!"

Mogens alifungafunga vitu vyake bila kumtazama yeyote, akakataa kahawa, akatoka.

Krona mia nane hazitoshi chakula cha jioni cha watu wawili kwenye mkahawa mzuri mjini Copenhagen. Asger alinyoosha mkono amshike mkewe. Pole pole mkono ule ukashuka wenyewe. Naye alikuwa amefahamu bei ya siri ilikuwa ngapi.

"Vibeke, sikiliza. Mimi nilisema huna bei. Umenisikia nikisema."

"Nimekusikia."

Vibeke alifungua pochi, akahesabu noti nane za mia mia, akaziweka mezani mbele ya mumewe.

"Pokea," alisema. "Muuzaji hulipwa."

Kisha akaenda kutafuta koti lake.