Mlinzi Aliyesomewa Majina

Alasiri ya Jumamosi ile, sebuleni mwa Koki Mumo, Buruburu Phase Three, walikuwapo watu wanne. Wa kwanza ni Koki mwenyewe, mjane wa miaka arobaini na sita, karani wa chama kidogo kilichowaficha wanawake waliokimbia waume wenye mikono mizito. Wa pili ni Nalianya, fundi wa kompyuta, mwanamke wa Kimilili, aliyeandika programu fupi za kuyafunga mafaili ya chama kila jioni saa kumi na mbili. Wa tatu ni Makokha, dereva, aliyewahamisha wanawake hao usiku na mchana. Wa nne ni Mzee Matheka, mjomba wa Koki, mchonga vinyago aliyefanya kazi Mombasa miaka mingi kabla ya kuhamia Gikomba. Mezani palikuwa na kompyuta ya Koki, na kando yake kijisanduku cha mpingo ambacho mzee alikuwa amekiweka bila kuombwa.

Kilichowakutanisha kilionekana kidogo. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kwamba Jumanne mchana, Koki akiwa mazishini, mtu asiyejulikana alijaribu kulifungua faili la majina mara mia nne na kumi.

"Hakuingia," Nalianya alisema. "Hata akiliiba ataona uji wa herufi tu. Lakini sasa anajua liko wapi. Atarudi."

Ndani ya faili lile mlikuwa na majina ya wanawake kumi na tisa, na mahali kila mmoja alipolala. Mume mmoja, mwenye malori, alikuwa ameapa mbele ya watu kumpata mkewe hata afichwe chini ya ardhi. Jina moja likitoka, kaburi moja lingechimbwa.

"Nimewaletea askari," Mzee Matheka akasema, akikigusa kijisanduku. "Nilimpata Changamwe mwaka wa themanini na nne. Amelinda mbao zangu hadi leo. Waulizeni walioziiba, kama mtampata mmoja anayeweza kuongea."

Makokha akacheka kwa pua. "Mzee, hiyo jini yako ilisomea kompyuta wapi?"

"Chenye kufuli kina mlango, na mlango hulindwa. Wewe endesha gari." Mzee akamgeukia Koki. "Ila ana sharti. Halindi gunia lililoshonwa mdomo. Mwenye mali amwambie kilichomo, kimoja kimoja, kwa sauti yake."

Nalianya akaweka kikombe chini. "Dada Koki, usifanye hivyo. Kazi yetu yote imesimama juu ya neno moja: anayelinda asijue anacholinda. Mimi ndiye niliyetengeneza kufuli, na sijasoma jina hata moja. Makokha anajua nyumba, hajui nani ni nani. Ndivyo tulivyopanga."

Koki alimwelewa. Lakini kabla ya chama alikuwa karani wa bohari Industrial Area kwa miaka kumi na mmoja, na kule bohari haikukabidhiwa askari wa zamu bila orodha kusomwa mbele yake. Askari asiyesomewa orodha hawezi kuulizwa kilichopotea. Mazoea hayo yalikuwa yamemwingia mifupani. Akawaomba wenzake watoke waende jikoni, akafunga mlango, akafungua faili kwa maneno yake ya siri, akasoma majina yote kumi na tisa, la mtu na la baba yake, na mtaa, na nambari ya chumba. Kijisanduku hakikufanya lolote. Alipomaliza tu, chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Askari alifanya kazi. Jumatatu yule mdukuzi alijaribu mara moja, kisha hakujaribu tena. Jumatano Makokha alileta habari kwamba kijana mmoja wa mtaa wa Umoja, mtu wa kukodiwa na wenye pesa, alikutwa mbele ya kompyuta yake, vidole vyote kumi vimekaangwa hadi kwenye vifundo kama vilivyochovywa kwenye karai la mafuta, naye anaendelea kuandika.

"Anaandika nini?" Koki akauliza.

"Hakuna kitu, Madam. Anagonga tu. Mifupa ndiyo inagonga." Safari hii Makokha hakucheka.

Koki aliona haya kidogo kwa furaha aliyoisikia moyoni, kisha akajimiminia chai.

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, programu za Nalianya zilipoanza kufunga mafaili, kompyuta ilianza kusoma. Sauti ilikuwa imezimwa, lakini ilisoma, na sauti yenyewe ilikuwa ya Koki, yenye utaratibu uleule wa kikarani, jina la mtu, jina la baba, mtaa, chumba. Koki alihesabu kwa vidole. Yalikuwa kumi na manane. Kwenye faili, mstari wa Kavinya Mulongo ulikuwa mtupu.

Makokha akatumwa Kariobangi. Alimkuta Kavinya ameketi kitandani, mzima wa afya, watoto wake watatu wakimvuta gauni na kumwita mama, naye akiwatazama jinsi mtu anavyotazama bidhaa asizotaka kununua. Alipoulizwa jina lake alifungua kinywa, akakiacha wazi.

Ijumaa iliyofuata yalisomwa kumi na saba, na Koki, aliyekuwa amechomoa waya ukutani na kuifunika kompyuta kwa blanketi na kuketi jikoni huku redio ya nyimbo za kanisa ikiimba kwa nguvu, alisikia bado kila jina likitoka chini ya lile blanketi, polepole, bila kosa, likifuatwa na mlio mdogo wa ulimi kama wa mtu anayeonja mchuzi, na harufu ya nywele ikapita chini ya mlango ikamfikia miguuni, ikapanda.

Alikwenda Gikomba asubuhi yake. Mzee Matheka aliendelea kulainisha mguu wa stuli kwa msasa.

"Hukuniuliza anakula nini," alisema.

"Na wewe Mjomba, ulimlisha nini?"

"Ndugu zako Muthama na Muasya. Unawakumbuka? Wao hawakukumbuka hata majina yao." Akapuliza vumbi. "Nilichoka naye. Wewe una majina mengi."

Ndipo Koki, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, akamwendea Batulo, mganga wa Kiborana aliyekaa Eastleigh. Batulo alikuja Jumanne saa nne asubuhi. Alifukiza ubani, akaweka kiganja juu ya kompyuta, akakiondoa upesi.

"Kumtoa naweza," alinong'ona. "Kumsahaulisha siwezi. Akitoka atatoka na majina yote, na atamwambia yeyote atakayemwita kwanza. Kuna mwanamume wa malori ambaye tayari ametafuta waganga wawili."

"Tufute faili," Nalianya akasema. Alisimama karibu na mlango. "Nalifuta sasa hivi, lisirudi kamwe."

"Futa, binti yangu. Yeye hakusoma faili. Aliambiwa kwa mdomo."

Kutoka ndani ya kompyuta iliyozimwa sauti ya Koki ikasema kwa upole, "Nikabidhi jina moja kwa hiari, pamoja na mwenye jina. Hayo mengine nitayaacha hapahapa."

"Chukua langu," Koki akajibu.

"Halimo katika orodha."

Koki akaiwasha kompyuta, akaifungua orodha. Alishuka nayo mstari kwa mstari, akipita wenye watoto, akipita wenye mama zao hai. Alibaki mmoja, Beldina Opicho, aliyefichwa Mathare, yatima, asiye na mtoto. Beldina ndiye aliyepiga simu kila Jumapili kusema, "Mama, niko," na kuuliza kama goti la Koki limepoa.

"Usichague, Dada," Nalianya akanong'ona. "Mtu hachagui hivi."

"Nisipochagua nimewachagua wote."

Akalitaja jina, la mtu na la baba, na mtaa, na nambari ya chumba. Hakutetemeka. Harufu ikakatika pale pale kama mshumaa uliozimwa kwa vidole. Batulo alikusanya vitu vyake akakataa chai. Nalianya alinawa mikono kwenye sinki, muda mrefu, akatoka bila kuaga.

Siku mbili baadaye, jioni, Makokha alipiga simu.

"Madam, ni yule dada wa Mathare. Majirani wanataka jina la kuandika, na mimi sikuwahi kuambiwa."

Koki alimwambia. Beldina Opicho alifariki Alhamisi hiyo, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba.