Vua Viatu, Tupige Picha

Ijumaa baada ya swala, soko kuu la Jinja lilijaa kanzu na hijabu, na jamaa mmoja akaja akiruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye meza ya Hajarah. Ndara yake ilikuwa imekatika mlangoni mwa msikiti.

"Nyabo, dada yangu, niokoe. Watu wananicheka."

"Hata mimi nacheka," alisema Hajarah, binti wa Mbale aliyepanga chumba mtaa wa Walukuba na kuuza viatu vya mitumba, kitambaa cha kijani kichwani, wanja umekolea. "Mguu mkubwa hivi umelelewa na muhogo wa wapi?"

"Wa Buwenge, na haujaisha kukua!"

Jina lake Shakul. Alinunua viatu vyeusi vya ngozi. Kesho yake akarudi kununua kamba asizozihitaji. Keshokutwa yake akaja bila kusingizia kitu. Mwezi haukuisha, simu zikawa ndefu.

"Umekula, malkia wa soli?"

"Nimekula, Bwana Mguu. Uko wapi?"

"Mbale. Mvua mpaka mlima Wanale hauonekani. Kesho nawapiga picha watoto wa shirika la misaada. Wazungu wakiwapenda, wanawalipia shule."

Hajarah akaaga, akakata simu. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa shirika hilo, na hakuwahi kumwambia. Asubuhi akajaza mfuko viatu vya watoto, akapanda gari la Mbale. Alitaka kumshtua mpenzi wake. Akashtuka yeye.

Langoni mwa shirika aliona kwanza viatu. Lundo zima, vimeng'arishwa. Watoto wenye viatu walisimama pekupeku topeni, sweta zimevuliwa, mama zao wamefichwa nyuma ya ua wasionekane.

"Usicheke, mtoto mzuri. Ukicheka watadhani umeshiba."

Sauti ile ile iliyomwita malkia.

Msichana mmoja, Nambozo, alikumbatia viatu vyake kifuani. Shakul akavichukua taratibu. Mfuko ukamdondoka Hajarah.

"Hajarah! Mpenzi, umefika saa ngapi?"

"Mrudishie."

"Ndivyo shirika linavyotaka. Mwenye viatu hapati mfadhili. Namsaidia!"

"Mama yangu aliamka alfajiri kuning'arishia viatu, Shakul. Kwenye ua kama huu. Wakanivua. Mfadhili wangu, bibi wa ng'ambo, alipoona picha akatuma salamu: pole, mtoto uliyekosa wa kukujali. Zikasomwa mbele ya watu, mama amekaa hapo."

Shakul alivitazama viatu vya mtoto mkononi mwake. "Wewe... ulikuwa wa shirika?"

"Nilisoma kwa picha ile. Darasa nalishukuru. Aibu ya mama sijaisamehe."

Hajarah akaondoka akilia. Na wakubwa wa shirika hawakujua? Walijua tangu enzi hizo! Umaskini upo, nani anabisha, lakini wa kweli hauwatoshi. Wanataka uliopambwa.

Simu ililia wiki nzima mezani, Hajarah akiitazama tu.

"Pokea, au itupe Nile!" alifoka muuza nyanya wa jirani.

Ijumaa moja Shakul akaja mwenyewe, viatu vyeusi vimejaa vumbi. Akanyoosha simu, picha imefunguliwa. Nambozo, viatu miguuni, kando ya mama yake, anacheka mpaka pengo linaonekana.

"Nilirudia picha zote. Bosi akanifukuza."

"Na Nambozo?"

Shakul akainamisha macho. "Hajapata mfadhili."

Hajarah akaitazama tena picha. Mtoto ndiye aliyelipa. "Mama yake anajua?"

"Nilimwambia. Akasema nipige nyingine, kitambaa chake kilikuwa kimekaa vibaya." Shakul akairudisha simu mfukoni. "Sasa napiga harusi. Ada ya muhula huu nimeibeba mimi. Muhula ujao sijui."

"Muhula ujao tutajua sisi."

"Sisi?"

"Usinikodolee macho, watu wananunua."

"Basi nipeleke kwa mama yako, Hajarah. Nataka kuposa. Na nataka kumwomba radhi, hata kama aliyekuvua si mimi."

Muuza nyanya akapiga kigelegele. Hajarah akageukia meza. Alichukua brashi na dawa ya viatu, akainama, akaanza kuving'arisha viatu miguuni mwa Shakul, polepole, kama mama alivyofanya alfajiri ile.

"Utakwenda vinang'aa hivi," alisema. "Mlangoni kwa mama utavivua mwenyewe."