Mbegu Zinazotambaa

“Gunia hilo halichomwi. Weka kiberiti chini,” mama alifoka, sauti ikafika hadi kwa jirani.

Dada hakuweka. Naye alishapandisha yake, akisema kama mama anayapenda mashetani basi akalale nayo yeye. Njiti, mdogo wake wa darasa la sita, alikuwa amejibana mlangoni mwa stoo. Walimwita Njiti kwa wembamba wake.

Maana humo stoo kulikuwa na kitu. Tangu asubuhi gunia la mbegu za nyasi lilikuwa linakwaruza. Krr, krr, halafu kimya, halafu krr tena. Dada alichungulia akaona zilizodondoka sakafuni zinageuka taratibu, zenyewe, mikia yake mirefu ikizunguka kama vidole vinavyopapasa gizani. Panya hamna. Upepo hamna.

Kazi ya mama ilikuwa kurudisha malisho. Kilima cha nyuma kilibaki kipara, mifugo ilikula mpaka mizizi, na ukipita huko husikii hata panzi. Mbegu hizo alizichuma kwenye kipande cha mwisho chenye nyasi za asili. Zikiharibika, ndiyo basi tena.

Mama akaingia, akalishika gunia. Akageuka polepole.

“Nani kalimwagia maji?”

Dada akaapa si yeye. Njiti akasema labda paa linavuja. Mama akamuuliza, kiangazi chote hiki paa linavuja nini, jua? Hakuna aliyecheka. Zile mbegu ziliendelea kukwaruza. Ilikuwa kama zinamsubiri Njiti aseme.

“Ni mimi, mama. Jana yalipotanda mawingu lilichakacha kidogo. Nikadhani kuna kitu, nikalimwagia maji kitoke. Ndiyo kikazidi.”

Mama akashusha pumzi. Akaokota mbegu moja, akawaonyesha: mkia ukikauka hujisokota, ukilowa hujisokotoa, na kwa kuzunguka hivyo mbegu hujichimbia ardhini bila jembe. Shetani hakuna. Ila zikikaa na maji guniani zinaoza, kwa hiyo lazima zipandwe leo hii. Dada akaguna, akatia kiberiti mfukoni, akaenda kutafuta reki.

“Ungenyamaza mpaka zioze, tungekosa kilima kizima,” mama akamwambia Njiti. “Kosa likisemwa mapema lina dawa, mwanangu. Likifichwa linaozesha na vya jirani.”

Njiti akajaza mbegu beseni, akajitwika. Mbegu moja ikamtambaa shingoni, ikitafuta pa kuchimba. Vinyweleo vikamsimama. Hakuitupa. Aliishika kwa vidole viwili, akairudisha kwa wenzake, akatoka kuelekea kule kusikolia hata panzi, akaufunga mlango kwa kisigino.